Kengele ya Inkubeta

Simu ya kunipa habari kwamba Mzee Dhiru amefariki ilinikuta nimeinama juu ya redio ya mtu, bisibisi mkononi, na kitu cha kwanza nilichofanya ni kumaliza kukaza skrubu. Mwanawe alikuwa akiongea kutoka Mwanza kwa sauti ya mtu aliyekwisha kupiga simu nyingi asubuhi hiyo. Alisema baba alijilaza kidogo baada ya chai, hakuamka. Nikasema pole kaka, pole sana, nikauliza Mama Hansa anaendeleaje, nikakata simu. Kisha nikanyanyuka, nikaenda kwenye bomba la chuma linalopanda kutoka dukani hadi ghorofani, nikaligonga mara mbili kwa bisibisi. Siku hizi huko juu hakuna kitu isipokuwa maboksi ya vipuri. Niligonga tu.

Mambo ya ukoo wetu sitayaandika hapa; yana wenyewe wa kuyaandika, tena wanaoyapenda kuliko mimi. Nataka kuandika mwaka mmoja, ule niliotoka chuo cha ufundi nikiwa msichana mwenye cheti kipya na kiburi kipya zaidi, nikapata kazi kwa fundi wa Kihindi pale Miembeni, mjini Bukoba. Duka lilikuwa chini, nyumba juu. Chini kulikuwa na meza mbili ndefu zilizojaa makovu ya pasi ya kulehemu nyaya, makabati ya vipuri yaliyoandikwa Kigujarati, na dirisha moja lililotazama barabarani ambako bodaboda waliegesha na kubishana mpira kutwa. Juu alikuwepo Mama Hansa, mke wake. Mzee alikuwa na moyo mbovu. Daktari alimwambia apumzike, naye akaelewa kwamba afanye kazi akiwa amekaa. Basi Mama Hansa akaweka utaratibu wake. Kila baada ya muda, akiwa jikoni, aligonga bomba kwa kijiko, na Mzee alitakiwa kuligonga bomba hilohilo kwa bisibisi kumjibu. Asipojibu, tulisikia kandambili zikishuka ngazi kwa kasi, na hapo awepo mteja asiwepo, Mzee alipokea maneno yake. Wiki ya kwanza nilidhani ni fundi bomba wa nyumba ya jirani. Wiki ya pili nilijikuta nami nimesimamisha kazi, nasubiri lile jibu.

Mchana tulifunga mlango nusu tukapanda kula. Mama Hansa alikuwa amezaliwa Bukoba kama mumewe, na jiko lake lilikuwa limekwisha kusahau mipaka: ndizi zetu, ebitoke vilevile ambavyo kila nyumba ya Mhaya inavipika, yeye alivitia bizari, pilipili na ndimu, kando akaweka dengu na achari. Nyama haikuingia jikoni mle, wala mdudu wa aina yoyote. Tulikula, kisha wao wawili wakaanza kuzungumza Kigujarati kwa sauti ya chini, na mimi nikajifanya nashughulika na mfupa ambao haukuwepo. Sikuijua lugha yao, lakini maneno kadhaa yalipita humo yakiwa mazima: Mwanza. Daktari. Duka. Kemi, yaani mimi. Ilitosha kunifahamisha kwamba mama anataka wahamie kwa mtoto wao, na kwamba Mzee ananitumia mimi kama sababu ya kutohama; mengine alinieleza mama mwenyewe baadaye, mara Mzee akisema sijaiva, mara akisema nimeiva mno siwezi kuachwa peke yangu. Leo nikikaa kwenye meza ya dukani nakula chakula nilichonunua kwa mama ntilie, naona nilikuwa nikilishwa katikati ya ugomvi, na ugomvi wenyewe ulikuwa wa upendo.

Wakati wa masika Sista Veneranda alituletea inkubeta. Yeye alikuwa mkuu wa wodi ya wazazi katika kituo cha afya cha masista, juu vilimani upande wa Muleba, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuamrisha na kicheko cha ghafla. Inkubeta ilikuwa zawadi ya wafadhili, sanduku la plastiki angavu la kuwatunzia joto watoto njiti, na radi ilikuwa imeunguza akili yake, ile bodi inayoamua hita iwake lini na izimike lini. Kuagiza nyingine kulishindikana. Mzee akasema akili tutaitia sisi. Tukaweka kompyuta ndogo ya ukubwa wa kiganja, isiyo na kioo wala kibodi, na mimi nikaiandikia programu: isome kipima joto, iwashe hita, iizime, isome tena, bila kuchoka. Nilijiona mkubwa sana mwezi ule.

Kwenye bodi hiyo kulikuwa na kijidude kimoja nilichokisoma chuoni nikakidharau. Mzee alikiita mlinzi. Ni kipima muda kidogo kinachojitegemea, kazi yake moja tu: kusubiri kuguswa. Programu ikiwa hai humgusa kila mara kumwambia nipo. Ikiganda, isipomgusa kwa muda uliopangwa, mlinzi haulizi maswali, anaizima kompyuta nzima na kuiwasha upya. "Unajua kwa nini Mama anagonga bomba?" Mzee aliniuliza, nikajibu ndiyo, akasema basi umekwisha kuelewa, andika. Akaongeza sharti lake mwenyewe, ambalo nililipinga. Mlinzi akishaizima na kuiwasha, hita isirudi kuwaka yenyewe. Kengele ilie, na hita isubiri mpaka muuguzi aje, amtazame mtoto, abonyeze kitufe cha kijani. Nikasema huko ni kumsumbua muuguzi. Akasema mashine iliyopoteza fahamu si ya kuachiwa mtoto wa mtu mpaka binadamu aje aitazame usoni. Niliandika hivyo nimenuna.

Tangu masika mpaka kiangazi kupita, kengele haikulia hata siku moja. Ikaingia Novemba, na Sista akapiga simu.

"Kemi, mashine yenu imeanza ukorofi. Inalia, nabonyeza kitufe inakubali, nikigeuka inalia tena."

"Ina mtoto ndani, Sista?"

"Ulidhani nimekupigia kwa ajili ya godoro?"

Tuliondoka na pikapu kuukuu ya Mzee, sanduku la vifaa nyuma, mkebe wa chapati na achari mapajani mwangu. Mama Hansa alishuka mpaka barabarani, akanishika mkono kwa nguvu. "Huko hakuna bomba," aliniambia. "Bomba ni wewe." Kwa hiyo njia nzima, na siku zote tulizokaa kule, nilikuwa nikiita tu, "Mzee?" naye anaguna, "Hm." Alikuwa akiniendesha kwenye kona za vilima huku ameshika usukani kwa mkono mmoja na kifua kwa mwingine, akidai kwamba anajikuna.

Wodi ilikuwa ndefu, imepakwa rangi ya kijani nusu ya ukuta, inanuka dawa ya kusafishia na uji. Inkubeta ilikuwa mwisho karibu na dirisha, na pembeni yake kitanda cha Adelina, mama wa mtoto. Alikuwa amepasuliwa, kidonda kikaleta homa, na homa ilikuwa inampanda na kushuka. Mtoto, wa kike, hakuwa na jina bado. Nilikuwa sijawahi kuona binadamu mdogo namna ile. Ngozi yake ilikuwa nyembamba kiasi kwamba nilijizuia kupumua karibu yake. Nje barazani alikuwepo baba yake, Deo, mkulima wa kahawa na migomba, kijana mrefu anayevua kofia kila mtu anapopita. Wanaume hawakuruhusiwa kuzurura wodini, basi alikuwa akikaa pale siku nzima, na kila tulipopita alisimama.

"Mzee, shikamoo. Mashine itapona?"

"Itapona, Deo."

"Wakola waitu," alishukuru kwa Kihaya, na kukaa.

Siku ile ya kwanza tuliikagua tangu tulipofika. Ilifanya kazi vizuri hata nikaanza kumtilia Sista shaka. Giza lilipoanza kuingia, kengele ililia. Sista alikuja mbio, akapitisha mikono kwenye matundu, akashika nyayo za mtoto, akabonyeza kitufe. Hita ikawaka. Hatujarudi kwenye viti ikalia tena. Ikaja mara ya tatu na ya nne, na sanduku likawa linapoa, maana hita haikupata nafasi ya kulirudishia joto lake. Sista akamtoa mtoto, akamvua, akamlaza kifuani kwa Adelina, ngozi kwa ngozi, akawafunika mablanketi. Hiyo ndiyo njia bora pale mama anapokuwa na nguvu. Adelina hakuwa nazo. Alikuwa akitetemeka kwa homa, meno yanagongana, mikono imemkumbatia mtoto na macho yametutazama sisi mafundi. Nimewahi kutukanwa na wateja wengi maishani mwangu, wengine kwa haki, lakini hakuna aliyenifanya nitake ardhi inimeze kama mwanamke yule aliyenyamaza.

Ilipotulia baadaye usiku, tuliweka kijitaa kidogo chekundu na nikaandika mistari michache ili bodi iseme yenyewe kilichoiangusha: kijitaa kikiwaka mara moja, umeme ulikatika, kikiwaka mara mbili, ni mlinzi. Asubuhi ikapita, mchana ukapita, shwari. Jioni ikarudi na kengele yake. Kijitaa kikawaka mara mbili.

"Mlinzi," nikasema. "Mlinzi ndiye mbovu. Anaizima bila sababu."

"Basi mtoeni!" alisema Sista, mtoto yuko mikononi mwake. "Kama ndiye anayetusumbua, mtoeni tupumzike."

Na ilikuwa rahisi. Kwenye bodi kulikuwa na pini mbili zilizosimama pamoja. Ukizifunga kwa kijivishio kidogo, kofia ya plastiki yenye chuma ndani, mlinzi analala moja kwa moja. Kijivishio kilikuwa kiganjani mwangu. Nakumbuka jinsi kilivyokuwa chepesi. Mzee alinitazama mkono, kisha akamtazama Sista.

"Sista, akili ya mashine hii ikiganda wakati hita imewaka, hita itabaki imewaka. Mtoto huyu hana sauti ya kumwamsha mtu akiungua. Mwenye sauti ni huyo mnayetaka tumtoe."

Sista alikaa kitandani kwa Adelina. Nikarudisha kijivishio kwenye mkebe, nikaufunga. Tulitoka barazani, Deo akasimama, Mzee akampungia akae, tukaenda mpaka kwenye pikapu kugombana.

"Programu yako inaganda," alisema.

"Programu yangu ilikaa Miembeni mezani mwezi mzima, haikuganda."

"Miembeni hakuna jioni?"

"Basi ni umeme."

"Umeme gani? Nyumba nyingine zote hapa zinatumia umeme wa gridi unaocheza, lakini wodi iko kwenye sola. Betri na inveta nimezifunga mimi kwa mikono yangu. Sola haichezi."

"Najua haichezi. Ndiyo maana nasema ni mlinzi."

Hapo kwenye sola ndipo tulipokubaliana, na ndipo tulipokosea wote wawili. Lakini wakati ule nilichoona ni mzee mkaidi anayepumua kwa shida, ameegemea mlango wa gari, na nyuma yake madirisha ya wodi. Nilikuwa na hasira naye na nilikuwa naogopa asianguke, yote kwa pamoja, na nikaita "Mzee?" kwa sauti ya hasira. Akaguna kwa hasira vilevile.

Siku iliyofuata homa ya Adelina ilipanda tangu mchana. Sista alisema wazi, si kwa kutunong'oneza, kwamba jioni hiyo mama hataweza kumshika mtoto kwa muda mrefu, na kama sanduku litapoa tena kama jana, yeye hana mahali pengine pa kumweka. Gari la kumpeleka Bukoba lingepatikana kesho. Alisema neno kesho akitazama chini. Nilichomoa na kuchomeka kila waya. Nilisoma programu yangu mstari kwa mstari mpaka herufi zikaanza kutembea. Jua likawa linaelekea migombani.

Masista walituita tukale mapema, kabla ya giza, wakijua kwamba baadaye hatutapata nafasi. Chumba chao cha kulia kilikuwa na meza moja ndefu yenye kitambaa cha plastiki cha maua, na picha ya Bikira Maria iliyofifia upande mmoja. Walipakua ebitoke na maharage, na katikati wakaweka sahani ya senene waliokaangwa, wale panzi wa msimu wa mvua, wana rangi ya dhahabu, vitunguu na chumvi. Ulikuwa msimu wenyewe. Kwetu Novemba ni senene: watoto wanakosa shule kwa ajili yao, wachumba wanapimwa kwa hao, na hata aliyefiwa anaulizwa kama kapata walau kikombe. Nilikula. Naona haya kusema kwamba nilikula vizuri, maana ni siku niliyokuwa nimejawa na hofu kupita kiasi, lakini mkono ulikwenda wenyewe. Sista naye alikula, anasikiliza upande wa wodi. Mzee Dhiru, asiyeweka mdomoni kitu chenye uhai, alisukuma sahani upande wangu kwa adabu kama alivyofanya miaka yote ya kuishi na sisi. Na kwa kuwa hakuwa na kitu cha kutafuna, akapata nafasi ya kuuliza.

"Hawa mmewanunua Muleba?"

"Tununue?" Sista alicheka kidogo, kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Ni wa hapahapa. Deo kaweka mtego nyuma ya wodi. Hawezi kumwacha mkewe, na msimu nao haungoji, basi alileta mabati yake na pipa lake na ile taa yake kubwa. Nilimruhusu. Anasema asipotupatia kitu kwa kumtunzia mtoto ataona aibu."

"Taa anaichomeka wapi?"

"Si kwenye soketi ya barazani? Ile uliyotuwekea ya akina mama kuchajia simu. Ya gridi inakatikakatika, senene wanatoroka."

Mzee aliweka kijiko chini. Mimi nilikuwa bado na senene mdomoni. Nilikuwa nimelipita pipa lile siku tatu, nimeyaona mabati yaliyosimamishwa wima ili senene wanaovutwa na mwanga wayagonge na kutelezea pipani, nimeiona na taa yenyewe, taa kali ya kuzimika na kujiwasha yenyewe, yenye kisanduku kizito cha kuiwashia, na haikunijia kamwe kwamba ni kitu. Kwa Mhaya, mwezi huo, taa ya senene nyuma ya nyumba si kitu cha kutazamwa mara mbili. Soketi ile ilikuwa kwenye waya uleule wa sola.

Na pale, nje kulipoanza kuwa kweusi, kengele ikalia.

Tulikimbia. Mzee naye alikimbia, na nilimwacha akimbie kwa sababu sikuwa na pumzi ya kumkataza. Sista alimtoa mtoto na kumlaza kifuani kwa Adelina, lakini mikono ya Adelina ilikuwa ikidondoka, basi akatoka mlangoni akamwita Deo, sheria au si sheria, akamketisha ukingoni mwa kitanda awashike wote wawili na mablanketi yao. Deo aliingia amevua kofia na viatu. Alikaa amewakumbatia, uso umeelekea dirishani. Mzee akaninong'oneza kwamba atakwenda nje kwenye soketi, nisipige kelele, yeye atagonga nondo za dirisha: mara moja amechomoa, mara mbili amechomeka. Niliweka mita ya umeme kwenye waya wa bodi. Dirisha lilikuwa jeupe kwa mwanga wa ile taa. Ikasikika ngo, mwanga ukazimika, na umeme kwenye mita ukasimama imara kama ukuta. Nikabonyeza kitufe cha kijani. Hita ikawaka, ikatulia. Ikasikika ngo, ngo. Mwanga ukajaa ukutani, mita ikashuka, ikapanda, na kidogo tu baadaye kengele ikalia. Tulirudia. Giza, utulivu. Mwanga, kengele. Tukarudia tena.

Nikaelewa yote kwa mkupuo. Kila ilipojiwasha, maana ilikuwa ikizimika na kujiwasha tena mpaka ipate moto, taa ile iliulemea umeme wa betri kwa kitambo kifupi, kisichotosha kuizima kompyuta, lakini kipima joto kilichanganyikiwa na kunyamaza. Programu ilikuwa imekiuliza swali. Ikakaa kusubiri jibu ambalo haliji, na katika kusubiri huko haikumgusa mlinzi. Mlinzi akafanya alichoajiriwa kufanya. Hakudanganya hata mara moja.

Nilitoka nje nikiwa nimeshajua la kusema na la kumwambia nani. Mzee alikuwa amekaa chini kando ya pipa, waya wa taa mkononi, jasho linamtoka.

"Mzee?"

"Hm. Niko hai. Mwite Deo, polepole."

"Nitamwambia mwenyewe. Taa yake ilikuwa inamuua mtoto wake!"

Alinishika kifundo cha mkono. Sikujua kama ana nguvu kiasi kile. "Halafu?" akasema. "Huyu atakuwa baba wa mtoto huyu maisha yake yote. Unataka kila akimwona aone taa?"

Deo alipokuja, Mzee alikuwa amesimama, anajifuta miwani. "Deo," alimwambia, "umeweka mtego mahali pabaya. Wodi inakukingia mwanga, senene wa bondeni hawaioni taa. Twende kule juu, karibu na ghala. Nitakuvutia waya wa gridi, na ukikatika nitakuwashia jenereta la masista."

"Mzee, hapa si wanaingia tu?"

"Kule wataingia zaidi."

Deo alimtazama, akaitazama taa, akasema, "Sawa, Mzee." Wakabeba. Fundi mwenye moyo mbovu, ambaye mke wake hakumruhusu kuinua hata redio, alishika bati upande mmoja na mkulima upande wa pili, wakapanda nalo kilima katika giza jepesi, na mimi nyuma nikibeba taa na kuita kila hatua chache, nikijibiwa kwa mguno uliozidi kuwa mfupi. Taa ikawaka kule juu. Nilirudi wodini, nikaandika mistari mipya: kipima joto kisipojibu haraka, usikisubiri, kiulize upya. Soketi ya barazani tuliiondoa kwenye sola. Mlinzi nilimwacha pale alipo. Mtoto alirudishwa sandukuni, na sisi watatu, Sista, Mzee na mimi, tukakaa kwenye benchi tukiisikiliza kengele isiyolia. Sijawahi kusikiliza kitu kwa bidii namna ile. Nilipokuja kushtuka, majogoo walikuwa wanawika, Sista amesinzia na rozari mkononi, na homa ya Adelina ilikuwa imeshuka.

Walikwenda nyumbani kabla ya Krismasi. Mtoto aliitwa Leokadia. Mama Hansa aliposikia habari ya bati, kutoka kwangu na si kwa mumewe, alilia, kisha akamnyamazia siku nzima, na bomba likanyamaza pia, kitu kilichomtisha Mzee kuliko maneno. Haukupita muda mrefu wakahamia Mwanza. Mzee aliniachia meza, makabati na maandishi ya Kigujarati ambayo mpaka leo sijayafuta. Na kila Novemba, Deo alishuka kutoka Muleba na ndoo ndogo ya senene, wamechambuliwa, wamekaangwa, akaiweka juu ya meza yangu. "Wa Mzee," alisema. Nilimpigia Mzee simu, naye kila mwaka akauliza wako wengi kiasi gani, akasema, "Mwambie ni watamu sana." Kisha nikala mimi.

Safari hii Deo amekuja wiki moja baada ya msiba, na Leokadia pamoja naye. Ni msichana mrefu kama baba yake, yuko sekondari, ana macho ya mama yake yale ya kutazama bila kusema. Alisimama kwenye kabati anasoma sura za vipuri, na Deo akaketi kwenye kiti cha Mzee, kwa kuwa ndicho kilichokuwa karibu. Aliweka ndoo mezani. Senene wa mwaka huu walikuwa wabichi, hawajachambuliwa. Alisema alisikia habari akiwa tayari amewakamata.

"Mzee hakuwala hata mmoja," nilimwambia kwa sauti ya chini. Nilichoka kuubeba uongo ule. "Dini yao, Deo. Nilikuwa nawala mimi, miaka yote."

"Najua," akasema. "Nani Bukoba hii asiyejua kwamba Mhindi wa namna ile hali mdudu?"

"Sasa kwa nini ulikuwa unaleta?"

Aliizungusha kofia mkononi. Nje bodaboda walikuwa wanabishana mpira. "Nilikuwa nimekaa kitandani pale, Dada Kemi. Nimewashika. Dirisha likiwa jeusi, kengele kimya. Dirisha likiwa jeupe, kengele. Mimi si fundi, lakini si kipofu." Akamtazama binti yake mgongoni. "Halafu mzee mgonjwa anakuja kunidanganya kuhusu senene, mimi niliyezaliwa na vipande vya mabati mkononi. Akabeba bati langu mpaka juu. Ningemwambia nini? Ningesema asante, angejua kwamba najua, na kazi yote aliyoifanya ingekuwa bure."

Nililia, na sikujificha. Leokadia aligeuka akaja, akavuta kigoda, akamimina senene kwenye sinia, akaanza kuwachambua, mbawa huku, miguu huku, haraka haraka kama wanavyofanya waliokulia kwenye mitego. Deo akasogea, nami nikasogea. Tulichambua mpaka sinia likaanza kuonekana chini.

"Mzee Dhiru alikuwa anawapenda sana hawa, eeh?" Leokadia aliuliza.

Deo aliinamia sinia, mikono imesimama.

"Sana," nikamwambia. "Alikuwa akisema ni watamu sana."